Kipande

Kilikuwa cha shaba, uzito wake ndizi mzuzu mbili,
kimechongwa herufi zilizolika: MNYUZI – KOROGWE.
Baba alikifunga kwenye pete ya waya
akainua pete, mkono juu, ukingoni mwa jukwaa,
na dereva, bila kusimama, akainama dirishani
akapenyeza mkono
kama avaaye bangili kwa haraka.
Ndiyo ruhusa yenyewe.
Mwenye kipande ana njia.
Asiye nacho angoje, hata awe amebeba waziri.

Watu wa mkonge nao walikuwa na kipande chao:
kadi ya siku thelathini, alama moja kila siku ya kukata.
Walishuka hapa, manamba, kutoka Songea, Kasulu, Urundi,
karani akiwahesabu mara mbili,
kisha akigeuka, kwa kalamu ile ile,
kuhesabu marobota ya katani yanayopanda.

Bi Nakijwa alisimama na machungwa yake dirisha la daraja la tatu,
la pili hakulikaribia:
kule walilipa kwa noti nzima
naye hakuwa na chenji.

Haikufungwa siku moja. Asikudanganye mtu.
Treni ya kila siku ikawa ya mara tatu,
ikawa ya Ijumaa,
ikawa ya Ijumaa Mungu akipenda.
Saa ya ukutani ikapelekwa Tanga kutengenezwa.
Benchi likaifuata saa.
Karani akaenda likizo, na likizo ikamnogea.

Tawi la Sigi lilikuwa limetangulia, baba hajazaliwa.
Reli zake ziko Tengeni mpaka leo, zimebeba mapaa;
nguzo ya choo cha shule ukiigonga kwa jiwe
inalia kengele,
na watoto wanakimbilia mstarini.

Treni ya mwisho ilipita kwenda Korogwe na mabehewa manne.
Dereva akavaa pete, akaondoka na kipande,
pete akaitupa nyasini kama kawaida.
Kipande hakikurudi.
Wakaja watu na karatasi: stesheni imefungwa, saini hapa.
Baba akawasomea kanuni, kichwani, neno kwa neno:
kipande kikiwa nje, njia ina treni.
"Haijafungwa," akasema. "Ina treni.
Nyinyi mnataka nifunge njia yenye treni?"

Hakusaini.
Mama alicheka mpaka akakaa chini.
Pete akaitundika jikoni, akaning'iniza kata na vifuniko,
na kichaka kikatembea juu ya mataruma
polepole, kituo kwa kituo.
Usiku walipita wa chuma chakavu, na misumeno.
Baba alitoka na tochi. Walikuwa wanafunzi wake wa madrasa.

Miaka ilipokwisha vidole vya mikono ikaanza vya miguu
walikuja kufyeka. Wakabadili mataruma.
Ya kwanza ilipanda usiku, saruji, tumelala.
Asubuhi nikamwona baba jikoni
anaangua vifuniko vya mama kimoja kimoja
(mama hayupo sasa wa kumcheka),
akaazima simu yangu kwa ajili ya saa,
akavaa koti lisilo na vifungo.

Ilitokea Korogwe, mabehewa matupu yakipiga makelele.
Baba akasimama pale pale pa zamani, pete juu,
anangoja arudishiwe.
Dereva alikuwa kijana, redio mkononi.
Akamwona mzee na waya.
Akamhurumia: akarusha chupa ya maji, nusu yake imejaa,
akapiga honi.

Baba akaokota chupa. Hakuinywa.
Akaingia ofisini, ambako mpapai umetokea palipokuwa na paa,
akafungua daftari, akapuliza vumbi, akaandika
kwa mwandiko wa mtu anayekaguliwa:

Imepita saa nne na dakika kumi na saba.
Kipande hakikupokelewa.
Njia bado ina treni.